Hodhi la Amana

Jirani yangu, mwalimu mstaafu aliyewasomesha watoto wa mtaa wetu hapa Unguja mjini na baadaye akawasomesha watoto wa watoto hao, alipokuwa akifunga masanduku yake kwenda kukaa na binti yake Maskati, aliniita sebuleni kwake, akanionyesha hodhi la kioo lililowekwa juu ya meza ya mninga karibu na dirisha, kisha akasema kwa sauti ya mtu aonaye haya kwa jambo lisilokuwa kosa lake: “Mwanangu, viumbe hawa nimewalea miaka kumi na moja, na mwaka huu wa mwisho nimewaacha mkono. Macho yamenitoka, na ndoo siiwezi tena. Kila asubuhi nilikuwa nikiinama nikilinusa hodhi, na tangu Ramadhani nilijua kwa harufu kuwa mna jambo, lakini sikuwa na la kufanya. Ukiwaweza, wachukue, ukitowaweza, watafutie wa kuwaweza. Lakini usiwamwage.”

“Nimepokea, Bi Mwalimu,” nilimjibu, na kwa neno hilo moja nikawa nimekwisha kuyavulia maji nguo. Sikuwa na budi kuyaoga.

Hodhi lenyewe si kubwa. Urefu wake ni sentimita 60, upana 30 na kimo 30, nalo likijazwa pomoni huchukua lita 54. Ukitoa mchanga wa chini na nafasi iachwayo juu, yabaki maji ya lita 45 hivi, yaani madumu tisa ya lita tano. Siku ile maji yalikuwa yamepungua kadiri ya shubiri moja kutoka ukingoni, na kila daraja ya kupungua kwake ilikuwa imeacha mstari mweupe juu ya kioo kama mistari ya maji kupwa juu ya nguzo za gati. Yaliyobaki yalikuwa na rangi ya maji ya mkandaa. Chujio la sifongo lililokuwa pembeni lilitoa povu moja moja, kwa kituo, kama mgonjwa avutaye pumzi, na harufu iliyopanda juu ilikuwa ile ya nguo zilizosahauliwa ndani ya ndoo. Kioo cha mbele kilikuwa kimefunikwa na ukoga wa kijani hata kisionyeshe kitu. Nikaingiza mkono, nikafuta kwa kidole duara la ukubwa wa shilingi, nikarudi nje kuchungulia. Na mara jicho dogo jeusi lenye pete ya fedha likaja upande wa pili wa duara lile, likasimama, likanitazama.

Walikuwa watatu, majike matupu, wa jamii ya samaki wadogo waitwao gapi, wamebana mapezi yao na migongo imepinda kidogo. Dume la mwisho, aliniambia Bi Mwalimu, lilikufa kabla ya mwezi wa kufunga. Waliokuwamo pamoja nao ni konokono wengi wasio na idadi, na mche mmoja wa majani ambao nusu yake ilikuwa hai na nusu imeoza.

Shauku ya kwanza ya mtu mwenye huruma, aonapo hali kama hiyo, ni kuvua kanzu, kukunja suruali, kumwaga yote, kusugua kioo hadi king'are, kuosha mchanga mara saba na kujaza maji mapya meupe pe. Shauku hiyo ni njema katika chimbuko lake, lakini ndiyo iuayo. Na muradi wa makala hii ni kueleza kwa nini, ili yeyote atakayekabidhiwa hodhi la namna hiyo, liwe la jamaa aliyesafiri, la skuli au la marehemu, asije akawamaliza kwa mapenzi wale waliosalimika katika upweke.

Usafi uliofisha

Nalisema hili kwa kuwa nilipata kulishuhudia. Katika ujana wangu, afisi moja niliyofanyia kazi ilikuwa na hodhi katika chumba cha wageni, nalo lilikuwa limeachwa miezi mingi hata likawa aibu kwa wenye afisi. Siku ya Ijumaa, baada ya kazi, tuliagizwa kulisafisha. Tulilimwaga lote. Mchanga tuliuosha kwa sabuni, chujio tukalikamua chini ya bomba mpaka maji yakatoka meupe, na vioo tukavisugua kwa gazeti. Magharibi ilipoingia hodhi lile liling'aa kama taa, na kila aliyepita alitusifu. Jumatatu asubuhi tulipofungua mlango tuliwakuta samaki kumi na mmoja kati ya kumi na wanne wakielea, matumbo juu, na watatu waliobaki walikuwa usoni pa maji wakitweta. Wakubwa wetu walisema kuwa tumechelewa kusafisha, nasi tukaamini hivyo. Miaka ilipita kabla sijajua kuwa samaki wale hawakufa kwa uchafu walioishi nao mwaka mzima, bali kwa usafi wa saa tatu.

Ili jambo hili lifahamike, yatupasa kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1850 mkemia mmoja wa London, jina lake Robert Warington, aliwasilisha mbele ya wanakemia wenzake habari za chombo chake cha maji, ambamo alikuwa ametia samaki wawili wa dhahabu na mmea wa majini uitwao Vallisneria. Alitaka kuona kama mnyama na mmea waweza kusaidiana, huyu akitoa hewa aihitajiye yule na yule akirudisha hewa aihitajiye huyu, bila ya maji kubadilishwa. Mambo yalikwenda vyema kwa muda, mpaka majani ya zamani yalipooza, maji yakachafuka na ukoga ukatanda; ndipo Warington alipotia konokono wa bwawani, nao wakala kilichooza na mizani ikarudi. Kwa hiyo tangu mwanzo wake hasa sanaa hii ilisimama juu ya mafiga matatu: samaki, mmea na konokono. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikawafungulia watu nyumba ya samaki, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake The Aquarium, na vyombo vya kioo vikaenea katika sebule za Uingereza.

Lakini lilikuwapo figa la nne ambalo Warington hakuliona, kwa kuwa halionekani kwa macho. Samaki hutoa amonia katika mashavu yake na katika kinyesi chake, na chakula kilichooza hutoa amonia vilevile. Nayo ni sumu. Wapo vijidudu, wakaao juu ya kila punje ya mchanga na ndani ya kila tundu la sifongo, ambao huigeuza amonia hiyo kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Na wapo wengine waigeuzao nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo na ambayo mimea huitumia kama mbolea. Laajabu ni kwamba mwana wa Warington yule, ambaye naye aliitwa Robert Warington, alitumia miaka mingi katika kituo cha kilimo cha Rothamsted akiuchunguza mgeuko huo huo ndani ya udongo wa mashamba, akaonyesha kuwa hufanyika kwa hatua mbili. Na mwaka 1890 Mrusi Sergei Winogradsky akafaulu kuwatenga vijidudu wenyewe. Baba alijenga nyumba, na mwana akaenda kutafuta katika ardhi siri ya wapangaji wake.

Vijidudu hao huzaana polepole. Hodhi jipya huhitaji aghalabu wiki nne hadi sita kabla hawajatosha kuwahudumia samaki. Sasa mtu aoshaye mchanga kwa sabuni na kukamua chujio chini ya bomba lenye klorini huwa amefanya nini, kama si kuwaua watumishi wote wa nyumba kwa siku moja na kuwaacha wenye nyumba ndani ya taka zao? Maji yang'aa, naam. Lakini sumu haina rangi.

Maji ya mvua na maji ya kisima

Siku ya kulihamisha hodhi, nilikwenda na ndoo nne zenye vifuniko. Nilinyonya maji kwa mpira, nikayatia ndani ya ndoo yale yale yaliyokuwa machafu, nikawatia samaki ndani ya moja na sifongo ndani ya nyingine likiwa limezama, kisha tukalibeba hodhi na mchanga wake, nyumba tatu tu kutoka kwake hata kwangu. Mtoto mmoja aliyekuwa akicheza barazani aliniuliza, “Mjomba, maji machafu wayapeleka wapi?” Nikamwambia, “Nayapeleka nyumbani, mwanangu, ndiyo dawa.” Alinitazama kwa mashaka, na watu wazima waliokaa pale walinitazama vivyo hivyo.

Jioni ile niliyapima kwa matone yale yatumiwayo na wafugaji, ambayo hubadili rangi ndani ya kichupa. Kipimo cha pH kilikuwa 6, yaani maji yamekuwa na asidi. Nitrati ilipita rangi ya mwisho ya karatasi. Amonia ilikuwa kama miligramu 2 kwa lita. Maji ya kisima changu yalikuwa na pH ya 7.8.

Kila tarakimu katika hizo ina kisa chake. Kazi ya vijidudu huzaa asidi, na asidi hiyo humezwa na chokaa iliyoyeyuka majini. Chokaa ikiisha na isiongezwe, pH hushuka. Visima vyetu vya Unguja, ambavyo aghalabu maji yake hupita katika mawe ya matumbawe, vina chokaa tele, na hodhi lingalijazwa maji ya kisima lingalistahimili. Lakini kijana aliyekuwa akimsaidia Bi Mwalimu alikuwa akiongeza maji ya mvua yaliyokingwa paani, kwa dhana njema kuwa hayo ndiyo safi kuliko yote, ilhali maji ya mvua hayana chokaa hata chembe ya kutajika. Zaidi ya hayo, kuongeza si kubadili. Maji yapaayo kwa joto hupaa peke yake, na kila kilichoyeyuka ndani yake husalia. Basi anayeongeza tu bila ya kutoa huwa akizidisha chungu ya mabaki mwezi baada ya mwezi.

Hapo ndipo hatari ilipo. pH ikishuka mpaka 6, vijidudu karibu husimamisha kazi, na amonia hujikusanya. Lakini katika maji ya asidi amonia hukaa katika sura nyingine, iitwayo amoniamu, isiyowadhuru samaki sana; ni kama upanga uliomo alani. Mwenye huruma akija na ndoo tatu za maji ya kisima, akizimimina kwa pamoja, pH hupanda kwa ghafla na upanga huchomoka. Kila pH ipandapo kwa kipimo kimoja, sehemu ya amonia iliyo sumu huongezeka karibu mara kumi. Kutoka 6 hadi 7.8, katika maji ya nyuzi 28, huongezeka zaidi ya mara hamsini. Samaki waliozoea polepole ubaya ule hufa kwa wema uliokuja kwa kishindo.

Kwa sababu hiyo wiki ya kwanza nilitoa kila siku nusu dumu tu, lita mbili na nusu, na kuirudisha kwa maji ya kisima yaliyopita katika mpira mwembamba, tone kwa tone, kwa muda wa saa nzima. Wiki ya pili nilitoa dumu zima kila baada ya siku moja. Kila usiku nilipima. Mwisho wa wiki ya kwanza pH ilikuwa 6.4, wiki ya tatu ikafika 7, wiki ya tano 7.6, na amonia, ambayo ilikuwa ikipungua kwa kutolewa na kwa kunywewa na mimea, ikafika mahali ambapo kichupa hakibadili rangi. Wenye maji ya bomba yenye klorini wayalaze ndani ya ndoo iliyo wazi kwa siku moja kabla ya kuyatumia. Na panapotiwa kloramini, kulaza hakutoshi, sharti itumike dawa ya kuiondoa.

Kazi za mikono

Mambo mengine yalikuwa mepesi, illa yalitaka mpango. Hodhi nililiondolea jua la dirisha, kwa kuwa jua ndilo lililolea ukoga na kuyapandisha maji joto mpaka nyuzi 32 mchana. Nikaliweka ukutani penye kivuli, likatulia katika 28. Joto si jambo dogo kwa samaki, kwani maji kadiri yapatavyo moto ndivyo yashikavyo hewa kidogo: katika nyuzi 20 lita moja yaweza kushika miligramu 9 za oksijeni, na katika nyuzi 30 hushika 7 na nusu tu. Umeme ukatikapo nasi tuna samaki, hilo ndilo la kukumbuka kwanza. Mimi huchukua kikombe, nikateka maji na kuyamimina kutoka juu, mara ishirini kila nusu saa, mpaka pampu irudi. Kwani si samaki peke yao wanaokosa pumzi, hata vijidudu wa sifongo huanza kufa.

Sifongo nililikamua mara moja tu katika wiki ya pili, tena si chini ya bomba bali ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka hodhini, na si kwa nguvu. Tope likatoka, wakaazi wakabaki. Mchanga niliugawa sehemu nne, nikanyonya uchafu wa sehemu moja kila wiki. Kioo cha mbele nilikisafisha, na vioo vya nyuma na ubavuni nikawaachia konokono. Wengi wa konokono hao wana kombe jembamba lililochongoka, lile ambalo wataalamu huliita Melanoides tuberculata na ambalo ni la asili katika maji ya Afrika yetu. Mchana hujizika mchangani wakiupindua kama wakulima, na usiku hupanda. Watu huwachukia na kuwatilia dawa. Lakini wingi wao ni hesabu ya chakula kilichozidi: nilipoanza kulisha mara moja kwa siku, kadiri ya kuliwa ndani ya dakika mbili, na kuacha siku moja ya wiki bila ya chakula, konokono wenyewe walipungua.

Mfugaji mmoja wa Ng'ambo alinipa konzi mbili za jani lielealo lisilo na mizizi, Ceratophyllum demersum, ambalo huota hata katika mabwawa ya nchi zetu. Hakuna mmea mwema kwa hodhi lililougua kuliko huu, kwa kuwa huinywa amonia moja kwa moja na hukua mbele ya macho.

Wageni wasioalikwa

Katika siku zile nilikuwa nikiweka akiba ya fedha kwa ajili ya kununua samaki Dar es Salaam, na usiku nikichora katika daftari ni aina gani nitakazozitia. Nitasema ukweli kuwa niliwatamani wengi. Niliwatamani wale wadogo wa mto Amazon wenye mstari wa samawati uwakao, lakini hao ni watoto wa maji mepesi yasiyo na chokaa, na kuwaleta katika maji ya matumbawe ni kuwadhulumu. Niliwatamani hata zaidi wale wa Ziwa Tanganyika waitwao Neolamprologus multifasciatus, wasiozidi sentimita tano, waishio kwa jamaa ndani ya makombe matupu ya konokono juu ya mchanga wa ziwa. Maji yetu yangewafaa, kwani ziwa lile lina maji magumu yenye pH inayokaribia 9, lakini hao hupigania mchanga wao shubiri kwa shubiri, na haki yao ni kupewa hodhi lao peke yao. Samaki wa dhahabu niliwafuta mara moja: hukua kupita urefu wa shubiri, na lita 45 ni jela kwao.

Asubuhi moja ya wiki ya nne, nilipokuwa nimeinama kutazama kama jani limeongezeka, niliona ndani ya kichaka chake vitu vyembamba kama viluwiluwi vya mbu. Nikasogeza taa. Vilikuwa na macho. Kila kimoja hakikuzidi urefu wa punje ya mchele, mwili wake ukionyesha nuru upande wa pili, na kila kimoja kilikuwa kimesimama kimya kabisa ubavuni mwa jani, kikipepea vipezi ambavyo sikuviona bali nilivihisi kwa mtetemo wa maji. Nikahesabu saba, jioni nikahesabu kumi na mmoja. Jike mkubwa kuliko wote, yule aliyenitazama siku ya kwanza kupitia duara la kidole, alikuwa amepungua tumbo na mgongo wake umenyooka.

Dume hakuwamo hodhini kwa miezi. Lakini jike la gapi laweza kuhifadhi mbegu ya dume mwilini mwake kwa miezi mingi na kuzaa mara kwa mara kwa mbegu hiyo hiyo, kila baada ya wiki nne hivi, hali ikiwa njema. Kwa hiyo katika siku zote zile za maji ya mkandaa na harufu ya nguo mbichi, mtaji wa hodhi ulikuwamo tumboni, umefungwa, ukingoja maji. Nilifunga daftari langu la michoro. Kazi ya kujaza samaki niliyodhani kuwa ni ya mfuko wangu ilikuwa imekwisha kuanza bila yangu, na fungu langu lilikuwa kuyarekebisha maji na kungoja.

Hata hivyo ukoo usiopata damu mpya hudhoofika, na kwa hiyo nilirudi Ng'ambo nikapewa madume mawili, moja la mkia wa rangi ya machungwa na moja la samawati. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na samaki mgeni asikose beseni lake: niliyaweka madume hayo peke yake katika beseni la lita 20, pamoja na kipande cha sifongo la zamani. Siku ya sita lile la samawati lilitokwa na vidoa vyeupe kama chembe za chumvi, ugonjwa uletwao na kimelea kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis, ambao ungelipita katika hodhi zima kama moto wa makuti. Nilitia chumvi, nikapandisha joto; dume lile halikupona, lakini mwenziwe alisalimika, nami nikamngoja wiki nne nyingine kabla ya kumfungulia mlango. Aliyeingia, basi, ni mmoja.

Usiwamwage

Nimeyatafakari sana maneno ya mwisho ya Bi Mwalimu. Gapi si wa kwetu. Mzaliwa wa Amerika ya Kusini huyo alielezwa kitaalamu mwaka 1859 na Wilhelm Peters wa Berlin, kutokana na samaki wa Venezuela; na mwaka 1866 Albert Günther wa London, asijue kuwa ni yule yule, akampa jina la Robert John Lechmere Guppy aliyempeleka kutoka Trinidad, na jina hilo la pili ndilo lililobaki vinywani mwa watu. Baadaye aliachiwa katika maji ya nchi nyingi za joto ili ale viluwiluwi vya mbu, na palipo na samaki wenyeji wadogo aliwasonga.

Nasi tunaye mwenyeji wa namna hiyo. Katika vidimbwi vya Unguja vijaavyo masika na kukauka kiangazi yuko samaki wa sentimita tano, dume lake lina mkia mwekundu na magamba ya kijani kibuluu, ambaye Georg Pfeffer alimweleza mwaka 1893 na ambaye leo huitwa Nothobranchius guentheri, kwa heshima ya Günther yule yule. Jamii ya Nothobranchius iliundwa na Peters, ambaye katika miaka ya 1840 alizuru Msumbiji na kuwakusanya huko jamaa zake. Hivyo majina ya wataalamu wawili hao yamewafunga pamoja mgeni wa sebuleni na mwenyeji wa vidimbwini, ambao hawakupasa kamwe kukutana. Mwenyeji huyu huishi miezi michache tu. Dimbwi likauke, naye hufa. Lakini mayai yake hubaki ndani ya tope kavu, hai, mpaka mvua irudi. Mtu amwagaye gapi wake katika dimbwi kwa kuwaonea imani hajui ni nani amelala chini ya miguu yake. Ukishindwa na samaki, wape mtu; na majani yaliyozidi yakaushe juani kabla ya kuyatupa.

Sasa ni mwezi wa saba. Hodhini mna majike wawili wa zamani, kwa kuwa mmoja alikufa kwa uzee wiki iliyopita. Mna vijana tisa waliokua, na dume la mkia wa machungwa. Na watoto wa watoto nimeshawagawa kwa majirani wawili, kila mmoja pamoja na kipande cha sifongo na dumu la maji ya hodhi. Kila Jumamosi natoa dumu moja na kurudisha dumu moja la kisima. Hilo tu.

Bi Mwalimu alinipigia simu kutoka Maskati siku ya Idi. Tulipomaliza kuamkiana na kuulizana hali, nilianza kumsimulia rangi za vijana na wingi wao, na jinsi kioo kilivyo safi siku hizi. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akanikatiza.

“Mwanangu, linanukaje?”

Nikasimama na simu mkononi, nikafunua kifuniko, nikainama kama alivyokuwa akiinama yeye.

“Linanuka udongo uliopata mvua, Bi Mwalimu.”

“Basi wazima,” akasema, na akataka habari za mtaa.